Kilemba Kilichobaki Kikavu

Kamati ya historia ilipobisha hodi, Mama Oyeladun alikuwa uani akimenya maharage ya kupikia moimoi, ile keki ya mvuke, maganda yakielea kwenye beseni, na hakuwa na nia yoyote ya kulivunja kanisa.

Walikuja watatu. Aliyetangulia ni Shemasi Ojebisi, mwenyekiti wa mashemasi, ndani ya joho pana lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Nyuma yake alikuwa Mchungaji Olawuwo, ambaye majuzi tu alirudi na udaktari wa theolojia na alikuwa bado anauzoea, kama mtu aliyevaa viatu vipya. Wa mwisho alikuwa Morenike wa kwaya, na simu mkononi, kazi yake kupiga video. Wanaume wakainama mpaka vidole vikagusa ardhi, Morenike akapiga magoti.

"Inukeni," akasema Mama Oyeladun. "Mgongo wa Shemasi usije ukakwama hapa kwangu nikapata kesi."

Kanisa la Kwanza la Baptisti la Oke-Agbede lilikuwa likijiandaa kwa jubilei, na jubilei bila kitabu cha historia ni sherehe ya watu wasiojua walikotoka. Kitabu chenyewe kilikuwa kimeanzwa mara kadhaa na kila mara kikafia sura ya kwanza. Sababu ni kwamba kila ukoo ulitaka babu yake ndiye awe mtu aliyempokea mmishonari wa kwanza njiani na kumpa maji ya kunywa. Ukiwasikiliza wote, yule Mzungu alikunywa maji hadi ni ajabu hakupasuka. Mwishowe Mchungaji akashauri waachane na marehemu na wawahoji walio hai. Kati ya walio hai, hakuna aliyemzidi Mama Oyeladun kwa umri. Alikuwa amewahi kuongoza Umoja wa Wanawake, alikuwa amefundisha darasa la ubatizo miaka na miaka, na kwenye jubilei alikuwa atangazwe rasmi kuwa Mama wa Kanisa. Hata kitambaa cha sherehe kilikwisha chapishwa kikiwa na uso wake.

"Mama," Mchungaji akaanza, kwa sauti ya redio, "tusimulie siku ile tukufu ya ubatizo wako."

Mama Oyeladun akaanza kucheka kabla hajaanza kusema.

"Siku tukufu! Wanangu, kulikuwa na vumbi la kiangazi, mto Ora umebaki wa kuoshea miguu. Mimi nilikuwa binti mdogo, sijavunja ungo. Mama yangu akaniazimia kilemba cha dada yake, hariri tupu, kipya, akanifunga mwenyewe. Akaniambia, 'Ukikilowesha usirudi nyumbani, ukae huko huko na Yesu.'"

Morenike akakoroma kwa kicheko. Shemasi akamtazama.

"Basi, mmishonari wetu, Bwana Purvis, alikuwa na mgongo mbovu. Kila akimlaza mtu anaguna kama mtu anayeinua gunia. Ilipofika zamu yangu akanishika, akaniinamisha, nami nikakaza shingo. Nikaikaza hivi! Akasukuma, nikakaza. Maji yakanifika hapa." Akagusa chini ya kidevu. "Akasema Amina upesi upesi kwa sababu mgongo ulimbana, nikasimama, nikatoka. Kilemba kikavu kama biskuti! Mama yangu alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kiwiko, mikono ikiwa na maganda. Alipomaliza kufuta akaona kwamba hakuna mwenzake aliyecheka.

"Mama," Mchungaji akauliza polepole, "yaani kichwa hakikuzama?"

"Kichwa? Hata sikio halikuzama, mwanangu."

"Zima simu," akasema Shemasi Ojebisi.

"Nimezima, Baba," akasema Morenike. Na kweli alikuwa amezima. Ila tangu mwanzo alikuwa akituma kipande kwa kipande kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, ili wasioweza kufika nao wabarikiwe.

Nchi nyingine mtu angesema, maji ni maji, na mama wa watu ameshazeeka. Lakini huyu alikuwa Mbaptisti miongoni mwa Wabaptisti, watu ambao babu zao wa imani walitukanwa na kufungwa jela huko Uzunguni kwa kushikilia kwamba mtu lazima azame wote, tangu wayo hadi utosi. Asiyezama si mshirika. Asiye mshirika hana kura. Na hapo kwenye kura ndipo palipomfanya Shemasi Ojebisi atoke jasho ndani ya joho lake.

Kwa sababu mwaka mmoja kabla ya uhuru, kanisa lile lilikaa kikao kuamua kama ngoma zinazosema, zile zinazoiga maneno ya watu, ziruhusiwe ibadani. Baba yake Ojebisi, naye shemasi, alitoa hoja kwamba ngoma ni za mizimu, zitoke. Wale wa ukoo wa wapigaji ngoma, waliookoka na ngoma zao mabegani, wakapinga. Hoja ikapita kwa kura moja. Wapiga ngoma wakainua mabenchi waliyoyachonga wenyewe, wakavuka barabara, wakajenga Kanisa la Baptisti la Ebenezeri, mlango ukitazamana na mlango. Tangu siku hiyo waumini wa pande zote mbili walisalimiana sokoni, wakaoana, wakazikana, na Jumapili hawakutazamana.

Miaka ikapita. Kanisa la Kwanza likaanza kupungukiwa na vijana, likaruhusu ngoma moja ndogo, halafu mbili, halafu magitaa, na sasa kila Jumapili lilikuwa linacheza mpaka chokaa inadondoka darini. Ebenezeri nao, kwa kiburi cha kuonyesha kwamba hawakuwa washenzi, walikuwa wamenunua kinanda cha kukanyaga na hawakutaka kusikia ngoma hata harusini. Kwa hiyo waliofukuza ngoma walikuwa nazo, na waliofukuzwa kwa ajili ya ngoma hawakuwa nazo. Hakuna aliyeona ajabu.

Lakini kura ile moja kila mtu aliikumbuka. Na Oyeladun, wakati huo mke mbichi wa mwalimu wa katekisimu, alikuwa amenyoosha mkono upande wa kufukuza.

Kabla jua halijazama Ebenezeri wote walikuwa wameiona ile video, wengine mara mbili. Kesho yake wazee wao wakavuka barabara wakiwa wamevaa vizuri. Walisema kwa upole mkubwa kwamba, kwa kuwa mmoja wa wapiga kura hakuwa Mbaptisti, hoja ile haikupita. Kwa kuwa haikupita, wao hawakujitenga na mtu. Waliojitenga ni waliobaki. Kwa hiyo wangeomba warudishiwe jina la Kanisa la Kwanza, pamoja na kengele kubwa ya shaba. Mabenchi wasijali, yao walikwisha ondoka nayo.

Siku ya tatu Shemasi Ojebisi na Mchungaji wakarudi kwa Mama Oyeladun wakiwa na mkate, maziwa ya kopo na sukari. Alipoona sukari akajua kuna balaa.

"Mama yetu," akaanza Shemasi, "watu wazima wakati mwingine kumbukumbu huchanganyika. Labda ni mtu mwingine kilemba chake hakikulowa."

"Nani?"

"Mtu yeyote aliyekwisha kufa."

"Kilikuwa changu. Cha mama mdogo Sikemi, cha rangi ya buluu."

"Mama, mimi nilikuwa darasani kwako," Mchungaji akaingilia, na sauti ya redio ilikuwa imemtoka. "Ulitufundisha kwamba ubatizo ni maziko. Ulisema, hakuna anayezika maiti akaacha kichwa nje."

Mama Oyeladun akaacha kukoroga chai. "Nilisema hivyo?"

"Kila Jumamosi."

Mambo mengi alikuwa ameyasema katika maisha yake bila kuyasikiliza, na hili lilikuwa moja. Wasichana wangapi aliwashika mkono ukingoni mwa maji akiwaambia walegeze shingo, wasiogope, waachie? Naye mwenyewe hakuwahi kuachia. Hakuogopa jehanamu, alikuwa na hakika Mungu ana kazi nyingine. Ila hakupenda kazi ya nusu. Hata maharage alikuwa hawezi kulala kama kuna ambalo halijamenywa.

"Basi nizamisheni," akasema.

"Haiwezekani!" Shemasi akaruka. "Tukikuzamisha leo, tumekiri kwamba zamani hukuzama. Kengele imeondoka."

"Basi msinizamishe."

"Hilo nalo haliwezekani. Mama wa Kanisa la Baptisti hajabatizwa? Watatucheka mpaka mjini Ibadan."

"Sasa mnataka nini?"

"Tunataka usahau, Mama."

"Mimi nimezeeka magoti, Shemasi. Kichwa ni kizima."

"Hicho kichwa ndicho tatizo letu," akasema Shemasi Ojebisi kwa huzuni, akanywa chai.

Wakapiga simu makao makuu. Makao makuu wakajibu kwamba kila kanisa la Kibaptisti hujitawala lenyewe, ndiyo fahari yetu, na wakawatakia jubilei njema. Ikabidi kuitisha kikao cha washirika wote.

Mama Oyeladun akaenda, akaketi benchi la mbele na upepeo wake mkononi. Mchungaji akasali sala ndefu ya kuomba amani, na amani ikadumu muda wote wa sala. Kisha fundi cherehani mmoja akasimama kuuliza kama kuzama hadi shingoni ni kuzama. Mwingine akasema ikiwa shingo haitoshi, je, kiwiko? Yeye alimwona kwa macho yake mtu, jina hatalitaja, ameketi pale karibu na nguzo, ambaye kiwiko chake hakikugusa maji. Aliye karibu na nguzo akasimama kuuliza anayesemwa ni nani.

Hapo akainuka Mama Ladoyin, muuza viazi vikuu, sauti yake ikiwa imezoea soko.

"Tukianza kupekuana, tupekuane wote! Mwaka aliobatizwa Shemasi Ojebisi bwawa la ubatizo lilikuwa linavuja. Alikuwa kijana mnene. Tumbo lilibaki juu kama kisiwa, mimi nilikuwepo!"

"Uongo!" akanguruma Shemasi. "Nilizama mimi! Nilizama mpaka nikameza maji!"

"Ulimeza kwa mdomo, tumbo likabaki nje!"

Kanisa zima likalipuka. Watu waliokuwa wakikaa benchi moja tangu utotoni walianza kukumbushana magoti na visigino. Mzee mmoja aliyekuwa hasikii vizuri akadhani wanapiga kura akanyoosha mikono yote miwili. Mchungaji akagonga mimbari, akashauri kwamba wapige kura wale tu wenye hakika kwamba walizama wote. Kila mtu akamtazama mwenzake.

"Na hakika hiyo ataitoa nani?" akauliza yule fundi cherehani. "Mtu akizamishwa sisi wote tunakuwa tumefumba macho tunaomba."

Ikawa kweli. Katika historia yote ya kanisa lile hakuna aliyewahi kuona ubatizo hata mmoja mwanzo mpaka mwisho, isipokuwa watoto na wapagani. Kikao kikaunda kamati ndogo, nayo ikapewa muda mpaka baada ya jubilei.

Mama Oyeladun akainua upepeo. "Naomba kusema. Mimi sitaki kengele wala kura. Nataka maji tu."

"Mama, subiri ripoti," akasema Shemasi.

"Ripoti itanikuta wapi, mwanangu?" akauliza. Wakafunga kwa wimbo.

Jioni hiyo alikuwa ameketi barazani, amenuna, mgeni akaja akigongagonga fimbo. Alikuwa Baba Ayangbemi wa Ebenezeri, mzee wa rika lake, aliyewahi kuwa mpiga ngoma hodari kuliko wote Oke-Agbede na sasa alikuwa mlinzi wa ufunguo wa kinanda.

"Oyeladun."

"Ayangbemi. Umekuja kunicheka?"

"Nimeshakucheka nyumbani. Hapa nimekuja kukaa." Akakaa. "Nataka kukuuliza jambo moja, maana tukifa nitakosa wa kumwuliza. Siku ile, kwa nini ulinyoosha mkono? Hukuwa mtu wa kuogopa mizimu wewe."

"Hujui?"

"Sijui."

"Ulipita dukani kwa baba yangu, soko limejaa, ngoma kwapani. Ukaisemesha. Ngoma ikasema, *Oyeladun, supu yako chumvi, Oyeladun, nani atakuoa?* Soko zima likaelewa. Mpaka mbuzi walielewa."

Baba Ayangbemi akakaa kinywa wazi. "Lakini nilikuwa nakutaka! Ndiyo ilikuwa namna yangu ya kukwambia."

"Nami kura ilikuwa namna yangu ya kukujibu."

"Kwa hiyo kanisa limegawanyika kwa sababu ya supu?"

"Ya matusi. Supu haikuwa na kosa."

Mzee akacheka kwa kikohozi, akapiga goti kwa kiganja, na kwa muda viganja vyake vilikumbuka kazi yao ya zamani, vikapiga kitu kifupi chenye mashaka. Kisha akavituliza, akatazama barabarani kama mtu aliyefumaniwa.

"Njoo kwetu, tutakuzamisha," akasema.

"Ili mpate kengele?"

"Ili tupate kengele. Siwezi kukudanganya."

"Na mimi?"

"Wewe upate maji."

Alifikiri kwamba tangu mambo haya yaanze, huyu alikuwa mtu wa kwanza kumwambia ukweli wote bila kumletea sukari. "Yawe ya vuguvugu," akasema.

Ebenezeri nao walikuwa na taratibu zao. Mwongofu mpya hana budi kupitia darasa. Likafundishwa na kijana Tolulade, mhasibu, ambaye alisimama wima alipoona mwanafunzi wake ni nani. "Mama, ubatizo ni nini?" akauliza. Mama Oyeladun alipomaliza kujibu, muda wa kipindi ulikuwa umekwisha, na Tolulade alikuwa ameketi kwenye benchi la wanafunzi akiuliza maswali. Wakaona darasa limetosha.

Jumapili iliyotangulia jubilei, wanawake wa Ebenezeri wakachemsha maji kwa masufuria ya harusi wakayamwaga bwawani. Watu wa Kanisa la Kwanza walikuwa barabarani wengi ajabu, kila mmoja akiwa anapita tu. Wengine walikuwa wanapita juu ya ukuta. Morenike alikuwa dirishani kabisa. Na safari hii, Mchungaji wa Ebenezeri aliposema tuombe, hakuna aliyefumba macho.

Mama Oyeladun akavua kilemba akampa mke wa Baba Ayangbemi akishike. Nywele zake zilikuwa chache na nyeupe, na wengi walikuwa hawajawahi kuziona. Akashuka ngazi akilaumu utelezi. Mchungaji kijana akamshika kama anashika mayai. Ndani ya maji alisikia kwanza shingo yake ikitaka kujikaza. Akailegeza. Maji yakamwingia masikioni, na kelele zote za Oke-Agbede, ngoma, kinanda na mashemasi, zikakatika. Hakuona njiwa wala nuru. Aliona tu kwamba ukuta wa bwawa ulikuwa na ukungu na ulihitaji kusuguliwa, na kwamba amepumzika. Kisha wakamtoa, akakohoa, na watu wote hadi wa ukutani wakashusha pumzi kwa pamoja.

"Umezama wote?" Baba Ayangbemi akauliza.

"Mpaka utosi," akasema. "Leteni taulo. Na hilo bwawa lisuguliwe."

Jumatatu Ebenezeri wakaandika kudai kengele. Jumanne Kanisa la Kwanza wakajibu kwamba ubatizo uliofanywa na kanisa lililojitenga si ubatizo, kwa hiyo hakuna kilichotokea. Jumatano mnara wa kengele ulikuwa na kufuli la pili. Kitabu cha historia kikatoka kwenda kwa mchapaji na sura moja iliyoanza na kuisha kwa kusema kwamba kanisa limepitia mengi.

Kuhusu Mama Oyeladun mwenyewe, mashemasi walikaa wakaona hawawezi kumwita, kwa kuwa ameondoka, wala hawawezi kumwacha, kwa kuwa kitambaa kimeshashonwa. Wakachukua picha yake kubwa, wakaizungushia maua, wakaiweka mbele ya mimbari, na kiti chake pembeni kitupu.

Siku ya jubilei ilikuwa ya jua kali. Wanawake wote wa Kanisa la Kwanza walipita barabarani wakiwa na uso wa Mama Oyeladun kifuani na mgongoni, na wengine wakaukalia. Yeye alikuwa ng'ambo, uani kwa Ebenezeri, chini ya turubai, na sahani ya amala, ule ugali wa viazi vikuu, na mchuzi wa majani, mke wa Baba Ayangbemi akimwongezea nyama. Vipaza sauti vya jirani vilileta kila kitu bure: nyimbo, ngoma, hotuba, na Shemasi Ojebisi akisoma majina ya mababu wote waliompa mmishonari maji.

Mshereheshaji alikuwa mgeni aliyekodiwa kutoka Ibadan, hodari wa maneno. Akasimama mbele ya picha, akaona maua, akaona kiti kitupu, akauona uso ule ule kwenye magauni yote. Sauti yake ikashuka.

"Wapendwa, kabla hatujaendelea, tusimame wote, tumkumbuke mama huyu mpendwa kwa dakika moja ya ukimya."

Walijua wote kwamba Mama yu hai. Lakini hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumsahihisha mgeni mbele ya wageni wengine, na isitoshe, jambo lenyewe lilirahisisha mengi. Wakasimama. Shemasi Ojebisi alikuwa wa kwanza kuinamisha kichwa.

Ng'ambo ya barabara Mama Oyeladun akainua uso kutoka kwenye sahani.

"Kwani umeme umekatika?"

"Hapana, Mama," akasema Baba Ayangbemi, aliyekuwa amesimama langoni akichungulia. "Wanakuomboleza."

"Wote?"

"Wote. Ojebisi anajifuta macho."

Akasikiliza ule ukimya akitafuna polepole. Ulikuwa mzuri, lazima akubali. Katika miaka yote aliyokaa kanisani mle hakuwahi kusikia wakinyamaza hivyo.

"Basi mtume mtu," akasema, "wakimaliza kulia aniletee sehemu yangu ya wali, na wasiniwekee mifupa."